Jina Moja, Seva Mbili

Kazi yangu hapa Bagamoyo ni kutengeneza kompyuta na kuunganisha mitandao ya ofisi ndogo. Wateja wangu ni shule, maduka ya dawa, nyumba za wageni, na watu binafsi ambao simu zao zimejaa picha mpaka zimegoma. Nilisomea Dar es Salaam na kufanya kazi huko, kisha miguu ya mama ikaanza kumsumbua nami nikarudi nyumbani. Watu huniita fundi. Wanaonipigia kwa mara ya kwanza husikia neno hilo kwa mtu mwingine, halafu wakaniona nikishuka kwenye bodaboda na mtandio wangu na begi la waya, wakachelewa kidogo kunikaribisha.

Siku chache baada ya Idi alinipigia mwenye nyumba moja ya wageni upande wa mji mkongwe. Ni mtu mzima, mkimya, anayevaa kanzu hata siku za kazi. Aliniambia seva yake ya baruapepe inalia.

"Inalia vipi, baba?"

"Kama mtu anayesaga meno usingizini."

Nilipofika alinipeleka chini ya ngazi, kwenye kijichumba wanakohifadhi mifagio na magodoro ya ziada. Seva ilikuwa pale juu ya kiti cha plastiki kilichovunjika egemeo. Ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ilikuwa kupokea barua za kampuni na kuzigawa: hii ya meneja, hii ya mapokezi, hii ya mashamba ya chumvi. Marehemu baba yake aliiweka miaka mingi iliyopita kwa sababu hakupenda kulipia kitu kila mwezi wakati anaweza kukinunua mara moja. Niliweka sikio karibu. Diski ilikuwa inakufa, hakuna shaka.

"Nunua nyingine," akasema. "Na ukishaiweka nataka jambo moja. Barua za dada yangu zisipite kwangu, na zangu zisipite kwake. Lakini jina libaki letu sote."

Habari ya dada yake niliijua nusunusu, kama kila mtu mtaani kwetu. Mzee wao alianza na chumvi, akajenga nyumba ya wageni, na mwishoni akafungua kiwanda kidogo cha kukausha mananasi na maembe kule Msata, kwenye njia panda. Vyote vitatu aliviita kwa jina lake, na jina hilohilo ndilo lililomalizia kila anwani ya baruapepe ya kampuni. Alipofariki mirathi iligawanywa kwa utaratibu, kaka akapata chumvi na nyumba ya wageni, dada akapata kiwanda. Katika mali hawakugombana. Waligombana kwa maneno. Dada alisema mbele ya wajomba kwamba baba yao aliuguzwa na watu wa kuajiriwa ilhali mwanawe wa kiume yupo mji huohuo. Kaka alijibu neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akilirudia. Toka siku hiyo hawakupigiana simu. Mambo ya kazi yalipitia kwa makarani wao waliopigiana simu, au kwa baruapepe.

Jina ndilo lisilogawanyika. Wateja wa mananasi, wengine wako ng'ambo, walilijua jina hilo. Wageni wa nyumba walilijua hilohilo. Hakuna aliyekubali kuliacha.

Nikamweleza kwa lugha nyepesi. "Baba, jina likiwa moja, mlango wa nje nao ni mmoja. Barua inayotoka nje haijui kuwa mmegawana. Inakuja kwenye jina, na ikishaingia ndipo inapoulizwa ni ya nani."

"Na mlango huo sasa uko kwa nani?"

Nilifungua kompyuta yangu nikaangalia. Dada yake, alipochoshwa na umeme wa Bagamoyo kukatika na barua zake kukatika nao, alikodi nafasi kwenye seva ya kampuni moja ya kulipia. Fundi wa wakati huo aliuelekeza mlango kule. Barua zote zilianza kwenda upande wa dada, na za watu wa Bagamoyo zikawa zinarudishwa huku.

"Uko kwa dada," nikasema.

Aliitika kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo. "Ndiyo maana ameweza kunifungia."

"Amekufungia?"

Alitoa simu mfukoni, akaitafuta barua aliyokuwa ameihifadhi, akanipa nisome. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari michache ya herufi za mashine. Kiini chake kilikuwa hiki: anwani ya mpokeaji imekataliwa, hakuna mtu huyo. Chini yake kulikuwa na kipande cha barua aliyoiandika yeye. Sikutaka kuisoma, lakini macho hayaombi ruhusa. Ilianza na salamu, likafuata neno harusi.

Harusi hiyo niliijua. Binti yake mkubwa aliolewa mwaka uliotangulia na kijana wa Zinga, na mama yangu alikwenda. Aliporudi nilimuuliza ilikuwaje. "Nzuri," akasema, "ila haina shangazi." Kwetu pwani shangazi si mgeni wa harusi, ni mwenye harusi. Ndiye anayekaa ndani na bi harusi, ndiye anayejua nini kimepungua, ndiye anayeimbiwa. Harusi bila shangazi wakati shangazi yuko hai Msata ilizungumzwa mtaani hata pilau lilipokuwa limesahaulika.

"Nilimwandikia," akasema yule baba. "Kwa simu sauti zingepanda, tunajuana. Nikaona nimwandikie kwa heshima, aje amshike mkono mtoto. Akanirudishia hivyo. Mke wangu akaniambia nipige simu. Nikamwambia, nipige mara ngapi? Mtu keshanikataa kwa maandishi."

Nilisoma tena ile mistari ya juu. Nikamwomba kiti, nikakaa, nikafungua sanduku lake la barua kwenye kompyuta ya ofisini.

"Baba, unamjua mtu anayeitwa Dodoki?"

"Dodoki la kuogea?"

"Ngoja nimwandikie, tuone."

Niliandika anwani ya dodoki na jina la kampuni yao mwishoni, nikatuma. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kuvaa miwani. Nikaisogeza skrini aone. Akasoma polepole, akifuatisha kwa kidole. Kisha akachukua simu yake akaiweka pembeni ya skrini, akalinganisha neno kwa neno.

"Ni yaleyale," akasema.

"Ni yaleyale. Hakuna aliyekukataa. Aliyekujibu ni hii iliyo chini ya ngazi. Inaamini kwamba jina lote ni lake peke yake. Dada alipohama walimfuta humu ndani, na hawakuiambia kuwa amehamia wapi. Sasa ukimwandikia, inatazama watu wake, haimwoni, inakwambia hayupo. Barua yako haikutoka hata nje ya nyumba hii."

"Lakini za kwake zinanifikia."

"Kule waliambiwa kuwa ninyi mko huku. Huku hakuna aliyeambiwa kuwa wao wako kule."

Alivua miwani. Akaniambia kwamba tangu dada yake ahame alikuwa akipokea barua zake, nyingine za maana, na kila alipojaribu kujibu alirudishiwa maneno hayo. Akaona dada yake amejifanya hakimu: yeye anasema, mwingine hana ruhusa ya kujibu. Ndivyo alivyokaa naye moyoni muda wote huo. Adhana ya alasiri ikasikika. Alinyanyuka akaenda msikitini bila kuniaga, nami nikabaki naiangalia ile mashine nikisikiliza inavyosaga.

Aliporudi alikuwa ameshaamua. "Nenda Msata mkatengeneze. Habari ya harusi usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Nilikwenda siku ya pili yake asubuhi. Kiwanda kiko nyuma ya barabara kuu, na harufu ya nanasi lililopata moto inakupokea kabla hujaliona bati lake. Ndani wanawake waliovaa aproni na kofia za nailoni walikuwa wanamenya na kukata, hawana muda wa kumtazama mgeni. Mwenye kiwanda alikuwa mrefu kuliko kaka yake na mwepesi wa maneno. Nilimpa shikamoo, akaniitikia huku akionja kipande kilichotoka kwenye trei.

"Marahaba, mwanangu. Amekutuma?"

"Seva yake inakufa, mama. Kabla sijaweka mpya nataka hizi zenu mbili zifahamiane."

"Zifahamiane." Akacheka kidogo. "Bora hizo."

Ofisini aliniagizia chai na mihogo, kisha akasema yale yaliyokuwa moyoni mwake bila kuulizwa. Kwamba alimwandikia kaka yake kuhusu kulijengea kaburi la baba yao, hakujibiwa. Akamwandikia kuhusu karatasi za kiwanda zilizobaki Bagamoyo, zikaletwa na karani, bila salamu, bila mstari mmoja. "Mtu anapokea barua yako, anatekeleza ulichoomba, na hakuandikii hata 'nimeipata'. Huyo anakutendea kama ofisi ya serikali."

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza juu ya harusi. Juu ya mashine sikuwa nimeahidi.

"Mama, barua zake kwako zilikuwa haziwezi kutoka. Seva ya kule ilikuwa inazirudisha zote. Si yeye."

Aliacha kutafuna. "Zote?"

"Zote zilizotoka ofisini kwake."

"Kwa hiyo alikuwa anaandika."

"Alikuwa anaandika."

"Kuhusu nini?"

"Hilo ni lenu wawili, mama. Mimi nashughulika na bahasha."

Alinikazia macho. Nadhani alikuwa anahesabu miezi kichwani, anarudi nyuma mpaka mahali fulani. Alivuta kompyuta yake, akaniambia nigeuke ukutani, akaandika neno la siri la mlango wa jina lao. Nilisimama nikitazama dirishani lori la vitunguu likigeuza, nikamsikia anakosea, anafuta, anaandika upya.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Seva ya Bagamoyo inatakiwa kuambiwa: hili jina si lako peke yako, mtu usipomwona kwako, usiseme hayupo, mpeleke Msata. Seva ya kule nayo inaambiwa: hawa ni wa Bagamoyo, wapeleke. Ila lazima mojawapo iwe na neno la mwisho. Zote mbili zikiambiwa "usiyemjua mpeleke kwa mwenzio", barua ya mtu ambaye hayupo popote itazunguka kati yao kama mgonjwa anayetumwa dirisha hili na lile, hadi moja ichoke na kuitupa.

Nilijua hilo, na bado likanipata. Niliporudi Bagamoyo na kuiwasha seva mpya, nilimwandikia Dodoki kwa majaribio. Dodoki hakurudi. Nikatazama kumbukumbu za seva nikaona barua ileile ikienda Msata na kurudi, ikienda na kurudi, mistari inajipanga kwenye skrini. Kumbe yule fundi wa zamani alikuwa ameiacha seva ya kule na agizo kwamba kila asiyejulikana aletwe Bagamoyo. Nikaizima huduma, nikampigia yule mama, tukakubaliana agizo hilo liondolewe. Kule umeme haukatiki, mashine za kukodi zina majenereta yao, hivyo ilikuwa sawa neno la mwisho liwe upande wake. Lakini ilibidi kaka yake naye akubali, kwa kuwa jina ni lao sote.

"Yaani yeye ndiye wa kusema nani yupo na nani hayupo?" akaniuliza, amesimama mlangoni pa kijichumba.

"Kwa barua zisizo na mwenyewe tu, baba. Watu wako unawajua wewe."

Alifikiri. Kisha akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Hata tulipokuwa watoto ilikuwa hivyo. Weka."

Nikaweka. Nikamwandikia Dodoki tena, na safari hii jibu likaja kwa adabu kutoka upande wa pili: hakuna mtu huyo. Kilichobaki kilikuwa kujaribu anwani ya kweli. Kwa kawaida naandika neno moja, jaribio, na kutuma. Nilikuwa nimeshaliandika yule baba aliponigusa begani.

"Nipishe. Nitaandika mimi."

Nilimpisha nikatoka barazani. Nilikaa na mpishi wa nyumba ile, tukaongea bei ya samaki na watoto wa siku hizi, na chai tukanywa, na vikombe vikachukuliwa. Nilipochungulia alikuwa bado anaandika kwa vidole viwili. Mwishowe aliniita. "Bonyeza wewe," akasema. "Mkono wangu mzito."

Nilibonyeza bila kutazama juu. Kwenye kumbukumbu za seva mpya ukatokea mstari mmoja: imepokelewa. Basi, kwa upande wangu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini fundi haondoki mpaka asikie kwa mpokeaji, nikapiga simu Msata.

"Mama, kuna barua imeingia?"

"Subiri." Nikasikia kiti kikivutwa. Nikasikia mashine za kiwanda nyuma yake, na mtu akimuuliza jambo, naye hakumjibu mtu huyo.

"Imefika," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya asubuhi ya Msata. "Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Mimi nilisikia harusi kwa mteja wa mananasi, unajua? Nikasema siwezi kujialika kwa mtoto wangu mwenyewe. Nikakaa nikingoja." Akakata.

Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya mashine iliyotengenezwa na ndugu waliopatana. Wiki iliyofuata nilirudi kufunga betri ya akiba ili seva isizimike umeme ukikatika. Nilikuwa nimeinama chini ya ngazi niliposikia gari limesimama nje, kisha sauti ya yule mama ikibisha hodi. Mapokezi alikuwepo binti mwenyewe, bi harusi wa mwaka jana, ambaye asubuhi huja kutoka kwa mumewe Zinga kumsaidia baba yake. Alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana.

"Shikamoo, shangazi," nikamsikia akisema. Ilikuwa shikamoo ya mtu aliyelelewa, hakuna zaidi.

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikuone."

Binti hakutoka nyuma ya meza. Shangazi akaanza kueleza: barua, seva, ule ujumbe wa Kiingereza, jinsi kila mmoja alivyodhani mwenzake amekataa. Baba naye alikuwa ameshatoka ofisini, amesimama, anaongeza pale dada yake alipopungukiwa. Hata mimi niliitwa nitoke chini ya ngazi nithibitishe, nikathibitisha nikiwa na vumbi usoni. Binti alisikiliza yote hadi mwisho.

"Nimeelewa," akasema. "Ila kompyuta haikuwazuia kupiga simu. Msata si Ulaya. Nilikaa ndani siku ile kila mlango ukifunguliwa nageuka."

Nilitamani kurudi kwenye betri yangu. Yule mama, ambaye Msata alikuwa na neno kwa kila jambo, alivuta kiti cha wageni akakaa, mkoba mapajani. Baba alitazama chini. Binti akachukua funguo za chumba cha juu akaenda kumfungulia mgeni ambaye, kwa ninavyojua, hakuwepo.

Hawakuondoka pale wamepatana. Shangazi alikula chakula cha mchana na kaka yake, wao wawili, na nilisikia wanaongea juu ya kaburi la mzee: saruji au mawe. Saa ya kuondoka alimwachia binti mfuko mkubwa mapokezi, na binti alisema ahsante. Baadaye nikasikia kwamba alianza kuja kila wiki. Wiki nyingine binti alizungumza naye, wiki nyingine alikuwa na kazi nyingi. Baba yake aliniambia siku moja nilipokwenda kuangalia seva, "Anakuja tu. Akikaribishwa anakaa, asipokaribishwa anakaa."

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua za vuli, wa kike. Mama yangu kwa miguu yake hakuweza kufika Zinga, akanituma mimi na sabuni, kanga na ndizi mbichi za kupika mtori. Nilielekezwa chumbani. Yule binti alikuwa amelala kitandani, na shangazi yake, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, alikuwa anamkanda tumbo kwa kitambaa na maji ya moto, beseni linafuka mvuke sakafuni.

"Pole pole, shangazi, unaniunguza."

"Tulia wewe. Bibi yako alimkanda mama yako kwa maji yanayochemka hasa."

"Sasa hayo ndiyo ya kuiga?"

"Geuka upande."

Binti akageuka. Nikaweka vitu vyangu juu ya meza, nikamtazama mtoto aliyelala katikati ya mito, nikatoka kuwapisha.